Hasara Ikitokea, Nani Atalipa? Mikataba na Ubunifu katika Mafuta ya Baharini

Mwenye mtambo wa kuchimba mafuta baharini hulipwa kwa siku. Kampuni ya mafuta inaukodi mtambo pamoja na wafanyakazi wake, hesabu inaanza, na kila jua linapozama fedha zinaingia, kisima kiwe kimekwenda vizuri au vibaya. Mwaka 2010 mtambo wa Deepwater Horizon ulikuwa unamgharimu aliyeukodi karibu dola 500,000 kwa siku. Sasa tuseme fundi wa kampuni yenye mtambo kama huo amegundua namna ya kumaliza kisima kwa siku 40 badala ya 60. Habari hiyo njema atampelekea nani? Mwajiri wake atapoteza malipo ya siku 20, na atakayefaidi ni mteja.

Nimeanzia hapo kwa makusudi. Ubunifu katika sekta hii ukizungumzwa, watu hukimbilia mashine: roboti za chini ya maji, meli zinazojishikilia mahali pamoja bila nanga, vali zinazofanya kazi kilomita mbili chini ya mawimbi. Mashine hizo zinastahili sifa. Lakini kabla ya mashine kuna karatasi. Wazo litafika sakafu ya bahari au litafia kabatini kutegemea mkataba unasemaje: nani analipwa kwa kazi gani, na mambo yakiharibika nani anabeba hasara.

Kitalu cha baharini, yaani kipande cha bahari kinachokodishwa ili kutafutwa mafuta, kwa kawaida huwa na wabia kadhaa. Mmoja ndiye mwendeshaji. Waliobaki huchangia fedha na kupiga kura. Chini ya mwendeshaji kuna mwenye mtambo, kampuni za huduma za kisima zinazoleta saruji, tope la kuchimbia na vipimo, watengenezaji wa vifaa vya sakafu ya bahari, na wenye meli za kulaza mabomba. Mtengenezaji ana wazo lakini hana kisima cha kulijaribia. Mwendeshaji ana kisima, ila kisima kimoja cha maji ya kina kirefu kinaweza kumeza zaidi ya dola milioni 100, na kifaa kigeni kikikwama huko chini hakuna wa kumfidia. Wabia nao, ambao hawatapata sifa yoyote kama jaribio litafaulu, watauliza swali lao la siku zote: kifaa hiki kimeshatumika wapi? Ndiyo maana kuna utani wa zamani katika sekta hii kwamba kila kampuni inataka kuwa ya pili kutumia teknolojia mpya.

Hata hivyo, teknolojia mpya zimekuja, tena nyingi. Ukizifuatilia moja moja utakuta kwamba kila iliyofanikiwa ilikuwa na mpango fulani wa kugawana hasara.

Mwaka 1947 Kerr-McGee, kampuni ndogo ya Oklahoma, ilichimba kisima zaidi ya kilomita 15 kutoka pwani ya Louisiana, mahali ambapo nchi kavu haionekani. Maji yenyewe yalikuwa ya mita sita hivi tu. Kerr-McGee ilikuwa na uzoefu wa kuchimba lakini haikuwa na mtaji wa kutosha. Phillips na Stanolind zilikuwa na mtaji, zikaingia ubia. Brown & Root ikajenga jukwaa. Kwa kuwa fedha zilikuwa haba na hakuna aliyejua kama mafuta yapo, walijenga jukwaa dogo, wakaegesha kando yake boti la jeshi lililobaki baada ya vita ili libebe mabomba, tope na malazi ya wafanyakazi. Kama kisima kingekuwa kikavu, boti lingeng'oa nanga likaenda kufanya kazi kwingine. Ubunifu wenyewe, yaani jukwaa dogo lenye boti la kuhudumia, ulitoka moja kwa moja kwenye swali la hasara.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Shell. Mwaka 1962 kampuni hiyo iliingiza katika Ghuba ya Mexico mtambo wa Blue Water 1, wa kwanza wa aina inayozama nusu: unaelea huku sehemu zake nzito zikiwa chini ya mawimbi, umeshikiliwa na nanga, hautingishiki sana. Pamoja na mtambo huo wahandisi wa Shell walikuwa wametengeneza vifaa vya kichwa cha kisima vya kukaa sakafuni mwa bahari. Washindani wake bado walikuwa wanategemea mitambo inayokanyaga chini. Mtu yeyote angetegemea Shell ifunge mlango na kula peke yake. Haikufanya hivyo. Mwanzoni mwa 1963 iliendesha mafunzo ya wiki kadhaa, ikawaita washindani na wakandarasi, ikafungua michoro yake mbele yao. Ada ilikuwa dola 100,000 kwa kila kampuni, fedha nyingi kwa wakati ule.

Msidhani ulikuwa ukarimu. Serikali ya Marekani hukodisha vitalu vya baharini kwa mnada, na mnada wenye mnunuzi mmoja si mnada. Kama Shell ingebaki peke yake yenye uwezo wa kufanya kazi kwenye maji yale, serikali isingekuwa na sababu ya kuyatoa. Halafu kulikuwa na suala la viwanda. Vali, viunganishi na mabomba maalumu havitengenezwi kwa mteja mmoja anayeagiza mara moja kwa mwaka. Mtengenezaji anataka soko. Shell ilihitaji washindani ili ipate vitalu, na ilihitaji wateja wengine wa wasambazaji wake ili vifaa vishuke bei.

Lakini Shell hiyohiyo, mwishoni mwa miaka ya 1960, wataalamu wake walipoanza kutambua madoa angavu katika picha za mitetemo ya ardhi, madoa ambayo mara nyingi yalionyesha gesi iko wapi, haikumwita mtu darasani. Maarifa hayo ililala nayo na kuingia nayo mnadani. Ukiweka matukio haya mawili pamoja unapata kanuni ambayo mpaka leo sijaona ikivunjwa mara nyingi: kampuni za mafuta hugawana kinachosaidia kutoa mafuta baada ya kitalu kupatikana, na huficha kinachosaidia kukipata. Kwa hiyo anayelalamika kwamba sekta hii ni ya siri, na anayeisifu kwa ushirikiano, wote wawili wanasema kweli. Kila mmoja anaangalia upande wake wa mnada.

Norway iliielewa kanuni hiyo mapema ikaitumia kwa ujanja. Mafuta ya Ekofisk yaligunduliwa mwaka 1969 na Phillips, kampuni ya Marekani, na utaalamu karibu wote ulikuwa wa wageni. Katika mgawo wa nne wa leseni, kuanzia 1979, serikali ilizifahamisha kampuni za kigeni kwamba zitakazofanya utafiti wao ndani ya Norway, kwa kushirikiana na taasisi za huko, zitahesabiwa alama wakati wa kugawa vitalu. Kampuni ambayo jana ilikuwa haioni sababu ya kumlipia mtafiti wa mji wa Trondheim, leo ilikuwa na sababu ya thamani ya kitalu kizima.

Kilichotokana na mpango huo wengi hawakijui, maana hakipigwi picha. Mafuta, gesi na maji vikipita pamoja katika bomba refu, haviendi kwa utulivu. Gesi hutangulia, maji na mafuta hujikusanya kwenye mabonde ya bomba, kisha msukumo ukizidi hutoka kwa mkupuo mzito unaoweza kuharibu mitambo ya upande wa pili. Bila kuweza kutabiri mikupuo hiyo, kila eneo la mafuta lilihitaji jukwaa juu yake la kutenganisha vitu hivyo kwanza. Taasisi ya utafiti ya IFE ilianza kuandika programu ya kompyuta ya kukokotoa mwenendo huo, OLGA, kwa fedha za Statoil, kampuni ya mafuta ya serikali ya Norway, mwanzoni mwa miaka ya 1980. SINTEF, taasisi nyingine ya utafiti, ikawa na maabara kubwa ya mabomba Tiller, karibu na Trondheim. Kampuni kadhaa zikaingia katika mradi wa pamoja, kila moja ikilipa sehemu yake na kupata matokeo yote. Hakuna kampuni ambayo ingekubali kugharimia peke yake vipimo vile vyote, na hakuna ambayo ingeshinda mnada kwa sababu inajua maji hujikusanya wapi ndani ya bomba. Ndiyo sababu ilikuwa rahisi kushirikiana. Mwaka 2007 gesi ya Snøhvit ilianza kusafiri kilomita 143 kutoka sakafu ya bahari hadi nchi kavu karibu na Hammerfest, bila jukwaa hata moja juu ya maji.

Brazil ilikwenda njia nyingine kabisa. Petrobras, kampuni ya mafuta ya serikali, ilipogundua maeneo ya Albacora mwaka 1984 na Marlim mwaka uliofuata, mafuta mengi yalikuwa kwenye kina ambacho hakuna duka duniani lililokuwa na vifaa vyake. Mwaka 1986 ikaanzisha PROCAP, programu ya teknolojia ya maji ya kina kirefu, chini ya kituo chake cha utafiti cha CENPES. Watu husifu programu hiyo, nami naisifu, ila naona siri yake kubwa ilikuwa ya kisheria. Hadi 1997 Petrobras ilikuwa na ukiritimba. Haikuwa na mbia wa kumwomba ruhusa. Ikitaka kujaribu kamba za poliesta badala ya minyororo ya chuma kushikilia jukwaa linaloelea, ilijaribu. Na kwa kuwa ilikuwa mteja wa kudumu mwenye visima vingi mbele yake, mtengenezaji wa ng'ambo alikubali kuumia kwenye oda ya kwanza akijua kuna ya pili na ya kumi. Ukiritimba ulipoondolewa, sheria iliziba pengo: mikataba ya maeneo yenye uzalishaji mkubwa ilitaka 1% ya mapato ghafi iende kwenye utafiti. Ukiritimba una maovu yake, ambayo Wabrazil wanayajua kuliko mimi, lakini katika jambo hili la kuthubutu kuwa wa kwanza uliwafaa.

Katika Bahari ya Kaskazini upande wa Uingereza hakukuwa na ukiritimba wala alama za leseni za namna hiyo. Kulikuwa na bei mbaya na maeneo madogo. Eneo la Andrew liligunduliwa mwaka 1974, na kwa karibu miaka ishirini BP ililipiga hesabu na kuliacha, kwa sababu gharama ilikuwa inazidi faida. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikajaribu kitu ambacho wanasheria wake bila shaka walikikodolea macho. Iliita wakandarasi saba, wakakubaliana gharama lengwa ya pauni milioni 373, kisha wakaandikiana kwamba chochote kitakachookolewa chini ya hapo watagawana, na kikizidi watabeba wote hadi kiwango fulani.

Tabia zilibadilika kwa namna ambayo hakuna semina ingeweza kuzibadilisha. Katika mkataba wa kawaida, mkandarasi akiona kosa kwenye mchoro wa mwenzake hunyamaza, kwa sababu marekebisho ya baadaye ni malipo ya ziada. Hapa kosa la mmoja lilikuwa linatoka mifukoni mwa wote, kwa hiyo alilisema asubuhi hiyohiyo. Sehemu ya juu ya jukwaa ilikamilishwa na kujaribiwa nchi kavu kabla ya kupelekwa baharini, ambako saa moja ya fundi ni ghali mara nyingi zaidi. Hilo halikuwa wazo geni. Kilichokosekana siku zote ni mtu wa kumlipa mjenzi wa nchi kavu kwa kumpunguzia kazi mwenzake wa baharini. Mafuta yalitoka Juni 1996, miezi sita kabla ya ratiba, kwa pauni milioni 290.

Baada ya hapo ungetarajia kila mradi ufuate mfano wa Andrew. Haikuwa hivyo. Miungano mingi ya kampuni iliyofuata ilikuwa miungano kwa jina tu. Mgawanyo wa faida ulipunguzwa, na wanunuzi wa makao makuu wakarudi kwenye zabuni ya bei ya chini. Mwaka 1998 pipa lilishuka hadi karibu dola 10, na mambo yale yakarudiwa baada ya 2014. Bei ikianguka, mwendeshaji humwita msambazaji na kumtaka apunguze bei, urafiki wa miaka mitano unasahaulika kwa mkutano mmoja. Kampuni za mitambo kama Diamond Offshore, Noble na Valaris zote ziliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2020. Msambazaji aliyenusurika hapo hukumbuka. Safari nyingine akiwa na wazo zuri, atalifungia hataza na kulisubirisha mpaka apate bei.

Kuna waliojifunza. Aker BP ya Norway ilitia saini mwishoni mwa 2017 muungano na Maersk Drilling na Halliburton ambamo kampuni zote tatu hufaidika kisima kikimalizika mapema. Yaani yule fundi wa siku 40 badala ya 60 hatimaye ana wa kumwambia.

Lakini ukaribu wa kampuni si dawa wakati wote. Mlipuko wa Aprili 20, 2010, katika Macondo, kisima cha BP cha Ghuba ya Mexico, ulioua watu 11, unaonyesha pande zote mbili za ugonjwa. BP ilikuwa na 65% ya kisima, Anadarko 25% na MOEX 10%. Mtambo, uleule wa Deepwater Horizon, ulikuwa wa Transocean, saruji ya Halliburton, mtambo wa kuzuia mlipuko wa Cameron. Kazi ilikuwa imechelewa, na gharama imepita bajeti kwa makumi ya milioni. Wataalamu wa Halliburton walikokotoa kwamba vinahitajika vishikizi 21 vya kuweka bomba katikati ya shimo. BP ilitumia 6. Tume ya Rais Obama haikusema kwamba idadi hiyo ndiyo iliyosababisha mlipuko, lakini ilionyesha jinsi uamuzi ulivyofanywa na upande mmoja na upande mwingine ukaendelea na kazi. Halafu kuna jambo lililonistaajabisha zaidi. Halliburton ilikuwa na matokeo ya maabara ya Februari yaliyoonyesha kwamba mchanganyiko wa saruji ya povu hautulii. Matokeo hayo yalipelekwa BP mwezi Machi ndani ya ripoti iliyoambatanishwa kwenye barua pepe, bila neno la kuvuta macho. BP nayo haikuuliza. Anayeuza saruji hapati chochote kwa kusema saruji yake ina wasiwasi, na anayeinunua hataki kusikia habari ya kuongeza siku.

Anadarko ilidai baadaye kwamba mwendeshaji alikuwa mzembe, hata hivyo mwaka 2011 ikakubali kulipa BP dola bilioni 4 kumaliza madai. Mbia asiyeuliza maswali kumbe naye yumo.

Upande wa pili wa ugonjwa ulikuwa umeonekana bungeni Juni 2010. Wakuu wa ExxonMobil, Chevron, ConocoPhillips, Shell na BP waliketi mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani, wengi wao wakieleza kwamba kampuni zao zisingefanya kama BP. Wabunge wakatoa mipango ya kampuni zote tano ya kukabiliana na uvujaji wa mafuta katika Ghuba ya Mexico. Ilikuwa karibu nakala moja, imeandaliwa na mshauri mmoja. Baadhi yake ilieleza namna ya kuwalinda walrasi, wanyama wa barafu ya kaskazini ambao hawaishi kabisa katika ghuba ile ya joto. Kampuni zilikuwa zimeshirikiana, ndiyo, lakini katika kutofikiri. Kwa miaka kadhaa vifaa vya kuchimba kina kirefu vilibuniwa kwa kasi, na hivyo vya kuziba kisima kilichofumuka huko chini vikabaki nyuma, kwa sababu hakuna mteja aliyelipwa kuvitaka. Kisima kilizibwa baada ya siku 87, kwa kofia iliyotengenezwa huku mafuta yakiendelea kumwagika.

Mchuma janga hula na wa kwao: serikali ilisimamisha uchimbaji wa kina kirefu katika ghuba hiyo kwa miezi kadhaa, na waliokuwa hawahusiki na Macondo walikaa bila kazi pia. Hapo ndipo hasara ilipokuwa ya wote. Julai 2010 Exxon, Chevron, Shell na ConocoPhillips zikatangaza dola bilioni 1 za kuunda kampuni ya pamoja yenye vifaa vya kuziba visima. Teknolojia yake haikuhitaji ugunduzi wowote wa kisayansi ambao haukuwepo mwaka 2005. Ilihitaji mtu aone kwamba kosa la jirani linaweza kumfungia yeye biashara.

Siku hizi mwelekeo ni kuunganisha. Technip na FMC ziliungana Januari 2017 ili mteja anunue vifaa vya sakafuni na kazi ya kuvilaza kwa mkataba mmoja. OneSubsea, iliyozaliwa mwaka 2013 kwa ubia wa Cameron na Schlumberger, mwaka 2023 ikawa ya SLB (jina jipya la Schlumberger), Aker Solutions na Subsea7. Faida yake ni halisi: makosa mengi ya zamani yalikuwa kwenye maungio, kifaa cha huyu hakikai kwenye bomba la yule, na kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole. Wasiwasi wangu ni kwa mvumbuzi mdogo mwenye vali moja nzuri. Zamani alimwendea mwendeshaji. Sasa anakutana kwanza na kampuni kubwa yenye vali yake yenyewe ya kuuza.

Mtihani wa sasa ni shinikizo. Kwa muda mrefu vifaa vya baharini viliishia kwenye pauni 15,000 kwa kila inchi mraba, na mafuta mengi ya tabaka za chini kabisa za Ghuba ya Mexico yakabaki hapohapo. BP ilitangaza mradi wake wa vifaa vya kuhimili shinikizo la pauni 20,000 mwaka 2012. Wakati huo eneo lake la Kaskida lilikuwa limeshagunduliwa, tangu 2006. Lakini aliyetoa mafuta ya kwanza kwa kiwango hicho ni Chevron, eneo la Anchor, Agosti 2024, ikiwa na TotalEnergies kama mbia. Mtambo wa kazi hiyo, Deepwater Titan wa Transocean, ulikamilishwa baada ya Chevron kutia saini mwaka 2018 mkataba wa miaka mitano wa takriban dola milioni 830. Mwenye mtambo hakuombwa aumalize kwa kiwango hicho halafu asubiri mteja. Alipewa karatasi anayoweza kuipeleka benki. BP, iliyotangulia kutangaza, iliidhinisha Kaskida Julai 2024, na mafuta yake yanatarajiwa mwaka 2029. Katikati hapo imepita Beacon, kampuni ndogo ambayo wengi nje ya sekta hawajaisikia, iliyoanza kutoa mafuta ya Shenandoah Julai 2025 kwa mtambo mwingine wa Transocean wa kiwango hichohicho.